Lifti inayosema: punguza sauti, usiizime

Wahudumu wa mapokezi wakichoshwa na "mlango unafunguka" kutwa nzima, fundi huambiwa achomoe waya wa spika. Tafadhali, usichomoe! Asiyeona atajuaje kafika ghorofa ya ngapi?

Kanuni za Marekani za 2010 zinataka tangazo lizidi kelele ya mahali kwa angalau desibeli 10, lakini lisivuke 80 pale spikani. Basi pima kwanza ndani ya lifti, feni ikiwa inazunguka. Ukikuta 50, weka 60 na kidogo, si 75. Kisha futa maneno ya ziada: salamu, muziki, "mlango unafungwa". Namba ya ghorofa ibaki. Nje, mlio mmoja wa kupanda na miwili ya kushuka inatosha. Spika ikikwaruza, safisha vumbi kwenye matundu kabla ya kuongeza sauti.