Makazi: Baraza la Duka la Vitenge

Ilikuwa wiki ya Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, ile ya Machi 20. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, kazi yangu kujaza fomu chini ya turubai viwanja vya Mnazi Mmoja. Huduma bure, foleni ndefu. Kulikuwa na kijana mmoja shavu limemvimba, kila akikaribia meza anarudi nyuma.

Nikamfuata. "Vipi dogo, mbona unarudi?"

"Dokta, mtaniuliza naishi wapi."

"Kwani unaishi wapi?"

"Mtaa wa Msimbazi, barazani kwenye duka la vitenge. Ila mlinzi akija na hasira zake nahamia sokoni."

Nikaandika hivyo hivyo. Msimamizi wetu akasoma, akasema hiyo si anwani, tena mtoto wa miaka 14 hang'olewi jino bila mzazi au mlezi kutia saini. Kanuni hiyo siilaumu, ina sababu zake. Lakini gego la chini lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi, na yeye amelishindilia ugoro ili apate usingizi. Usaha wa gego la chini ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa. Hilo tulikwisha kufundishwa.

"Nani anakufahamu hapa mjini?"

Akafikiri. "Mama ntilie wa kule Gerezani. Namwoshea sahani."

Nikaenda kwa miguu juani. Mama akaja na kanga yake kiunoni, analalamika njia nzima kwamba wali utaungua, akatia saini palipoandikwa "mlezi" bila hata kukaa.

Penye usaha ganzi hushika kwa shida; ilibidi sindano ya pili. Jino likatoka vipande viwili. Kijana hakulia, alikamata tu ukingo wa kiti.

Nami nikaanza wimbo wangu wa siku zote: uma pamba nusu saa, usiteme mate ovyo, usivute kitu, leo usisukutue, kesho sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, usiku lalia mto ulioinuka. Nilipofika kwenye mto nikasikia ninachosema. Nikanyamaza.

"Hayo maji nitachemshia wapi, dokta?" Hakuwa na kejeli, alitaka kujua.

Mama akamkata jicho. "Sufuria zangu huzioni? Asubuhi upite."

Tukampa mswaki na dawa ya meno kama wengine, wakaondoka.

Wiki mbili baadaye nikaenda Gerezani kula wali maharage. Shavu lilikuwa limekaa sawa, kijana yuko kwenye beseni la vyombo. Ndani ya kopo la vijiko, katikati ya uma, umesimama mswaki. Nikamwambia mama, kwa majivuno kidogo, nimefurahi kuona mswaki wetu unatumika.

"Wenu?" Akacheka mpaka akashika meza. "Wenu uliibwa usiku uleule, pamoja na ndala zake. Huo nimenunua mimi, na pesa yangu bado hajanilipa."