Moki saba

"Samahani kaka, hivi hili jaribio linajaribu nini?"

Dogo wa ofisini aliuliza Jumatano, akiangalia jaribio nililoandika la kupima programu yetu. Leo Jumapili. Hakuuliza kwa ubishi, aliuliza kwa upole kabisa, ndiyo maana linauma. Alhamisi tumetoa toleo jipya, Ijumaa bosi kaaga kazini, lakini mimi bado niko Jumatano.

Kuna klasi ya malipo, yaani kipande cha programu kinachoshughulikia malipo, niliyowahi kujisifia hapa. Konstrakta yake, sehemu inayoiunda, inapokea vitu saba: hifadhidata, saa, mtuma barua pepe na jamaa zao. Hakuna kinachoundwa ndani, vyote vinaingizwa kutoka nje, kama inavyotakiwa. Kwenye jaribio nikaweka moki saba, yaani vitu vya kuigiza vinavyojibu tu ulichoviagiza. Mistari 40 ya matayarisho, uthibitisho mmoja. Moki ya hifadhidata niliiagiza irudishe 500, kisha nikathibitisha kwamba nimepata 500.

Linajaribu nini? Nilimjibu, "Mantiki." Mantiki ipi, mzee mzima? Jana usiku nimefuta hesabu yote ya katikati: kijani, yaani jaribio limepita. Nikabadili jina la methodi (kitendo) `tuma` kwenye klasi halisi ya mtuma barua: kijani vilevile, maana moki tupu ya Python hukubali jina lolote utakaloiita. Kwenye seva ingeanguka kwa mteja wa kwanza.

Hapo nikacheka peke yangu, na usingizi ukaisha.

Moki ya hifadhidata nimeitupa. Badala yake kuna hifadhi bandia, kamusi tu ndani ya kumbukumbu, ila inaweka na kusoma kweli. Majaribio yaleyale yanaendeshwa juu yake na juu ya hifadhidata halisi, la sivyo bandia itaanza kusema uongo wake kimyakimya. Saa nayo ni bandia: naiweka 23:59:59, naisogeza sekunde moja. Papo hapo ikaibuka risiti yenye tarehe ya jana! Moki imebaki kwa mtuma barua peke yake, kwa sababu pale ninachotaka kujua ni hicho tu: kaitwa, tena mara moja? Nimeiunda kwa `create_autospec` ya Python, inayofuata majina ya klasi halisi, ili jina lisilokuwepo ligome palepale. Vile vinne vingine vilikuwa kazi ya klasi nyingine iliyojificha humo, nimeitoa. Matayarisho yamebaki mistari 9.

Kesho dogo ndiye atakayeikagua kazi hii. Naona hata hamu.