Nazi moja haitoshi

Kuna sentensi moja imenikaa kichwani tangu Jumatatu na haitaki kutoka. Nimelala nayo, nimeamka nayo, juzi nusura niiandike kwenye hati ya mzigo wa watu.

Nilirudi kutoka kazini jioni, wiki kadhaa tangu niache sigara, nikaulizia chaja yangu. Nikauliza mara ya pili. Ya tatu nadhani hata jirani alianza kuitafuta hiyo chaja. Mke wangu, Mama Shamimu, alikuwa amekalia mbuzi uani, anakuna nazi, kanipa mgongo. Akasema taratibu, bila kusimamisha mkono:

"Bora ulivyokuwa unavuta."

"Umesemaje?"

"Nimesema nazi moja haitoshi."

Akaendelea kukuna.

Wiki nzima ina mambo yake, mkuu mpya kaingia ofisini, Mwajuma kajifungua pacha, mvua imeangusha ukuta wa choo cha nje, na mimi nimeshinda namchambua mtu anayekuna nazi. Alitaka nisikie? Kama hakutaka, mbona hakunong'ona? Na kama alitaka, ile nazi ya nini? Ilitoka haraka mno, kama alikuwa nayo tayari. Nikamwita Shamimu pembeni, nikamuuliza mama yako kasema nini pale. Mtoto hana siasa: "Kasema bora ulivyokuwa unavuta. Halafu kasema nazi."

Mnaomjua Mama Shamimu mnaelewa kwa nini inachoma. Huyu ndiye aliyeyafukuza mashati yangu kabatini yakaishi kwenye msumari wa ukumbini. Ndiye aliyekuwa hanipi mtoto mpaka nisukutue. Ndiye aliyelia, kweli kabisa alilia, Ramadhani hii niliposema sigara ya baada ya futari siitaki tena. Mnakumbuka nilivyokuwa: mchana kutwa nafunga vizuri bila fegi, adhana ya magharibi ikilia ni tende, maji, halafu huyo nje. Mwaka huu nikajiuliza, kama mwili unaweza kungoja saa 13, hiyo moja ya usiku inadai nini? Nikaunga na sita za Shawali, mwezi huo wa mfungo mosi ukaisha, sasa tuko mfungo pili. Halafu mtu yule yule anasema bora ulivyokuwa unavuta.

Tatizo ni kwamba nilipoacha, kila mtu alinisomea mazuri. Dakika 20 tu, mapigo ya moyo yanaanza kushuka. Saa 12, ile kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ya moshi, kwenye damu inarudi kiwango cha kawaida. Mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo inakuwa kama nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta. Miaka 10, hatari ya saratani ya mapafu nayo kama nusu. Shirika la Afya Duniani ndilo linalosema hayo, na sina ubishi nalo. Lakini hakuna hata moja hapo ambalo mkeo analiona. Damu ikisafika haipigi hodi. Anachokiona yeye ni mume anayekohoa alfajiri kuliko zamani, anayekaa chooni mpaka watoto wagonge mlango, mwenye vidonda mdomoni hataki pilipili, na anayetafuta chaja kwa ukali.

Kikohozi nimeshaelezwa ni heri. Ndani ya njia ya hewa mna vinyweleo vidogo sana ambavyo moshi ulikuwa umevilaza. Sasa vimeamka na vinasukuma makohozi ya miaka yote yatoke. Mimi najifariji hivyo. Anayelala ubavuni kwangu anasikia kelele tu.

Kilichonitatiza ni ule ukali. Maana nikotini yenyewe, ile inayomfanya mtu aitamani sigara, haikai. Kila baada ya saa mbili hivi nusu yake inakuwa imeshaondoka kwenye damu, siku mbili tatu hakuna kitu. Siku hizo za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, kisha hasira na kukosa usingizi huenda vikipungua, wiki mbili, wiki nne, basi. Ubongo ndio unaochelewa kidogo, kwa sababu mvutaji huongezeka vipokezi vya nikotini kichwani, na kurudi kwenye idadi ya mtu asiyevuta huchukua kama wiki 6 hadi 12. Sawa, nimekubali. Lakini mimi nilikuwa nazidi badala ya kupungua. Usiku natazama dari. Mchana nimekaa tu kwenye kiti, moyo unakwenda mbio kama nimekimbizwa na mbwa.

Alhamisi shemeji Rashidi akaja kuangalia ukuta. Mnamjua, tabibu ndiyo, lakini akiona tofali hawezi kulipita. Nikamweleza habari za mwili (ile sentensi sikumwambia, ile ni ya dada yake). Nilidhani ataniuliza habari za sigara. Hakugusa huko kabisa.

"Kahawa je?"

"Kahawa ndiyo starehe iliyobaki, shemeji."

"Pale kwa Mzee Kombo?"

"Pale. Na ofisini. Na usiku tukitoka msikitini."

Akacheka mpaka akaliweka tofali chini.

Kumbe moshi wa sigara hulichochea ini liivunje kafeini haraka. Si nikotini inayofanya hivyo, ni ile lami ya moshi. Ukiacha kuvuta, ndani ya siku chache ini linarudi kwenye mwendo wake, na kahawa ile ile, kwenye kikombe kile kile, inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Kiwango chake kwenye damu kinaweza kufika maradufu. Na mimi juu ya hapo nilikuwa nimeongeza vikombe, maana kila mkono ulipotamani fegi niliupa kahawa. "Wewe arosto ya sigara ilishakwisha," akaniambia. "Wewe umelewa kahawa." Akaongeza kwamba zipo na dawa ambazo dozi yake hubidi iangaliwe upya mtu akiacha sigara, kwa sababu hiyo hiyo ya ini, theofilini ya pumu ikiwemo. Kwa hiyo kama una dawa za kila siku na unaacha, mwambie daktari wako. Mimi nisingewaza hata kidogo.

Nilifurahi isivyo kawaida! Ijumaa nikanywa kikombe kimoja tu, na kashata za kujifariji, Mzee Kombo akaniuliza kama nina mgonjwa nyumbani. Kichwa kiliniuma kutwa, hilo nalo shemeji alinionya. Lakini usiku nililala. Sikumbuki mara ya mwisho kuamshwa na adhana; mara nyingi mimi ndiye niliyekuwa nikiingoja.

Na pua, jamani. Jana nilikuwa Sahare kwa wauza samaki, muuzaji ananiapia changu wake ametoka majini alfajiri. Nikamwambia huyu wa jana. Nilinusa tu! Akanitazama, akainama, akatoa wengine chini ya gunia. Miaka yote nachagua samaki kwa macho na Mama Shamimu anawakataa mlangoni. Jana aliwapokea, akawageuza, akawapeleka jikoni bila neno.

Jioni tukajitayarisha kwenda kumtazama Mwajuma. Alipopita mbele yangu nikamwambia, leo umevaa kikuba.

Akasimama. "Navaa kila siku ya shughuli, Baba Shamimu."

Kila siku ya shughuli. Kwa hiyo asumini na mrehani zote hizo, arusi ngapi, maulidi mangapi, zimepita chini ya pua yangu. Hakutabasamu, lakini kwenye bajaji alisogea upande wangu ingawa nafasi ilikuwepo. Nilitaka kumuuliza pale pale. Maneno yalifika hapa kooni nikayameza, maana najua akiulizwa atasema nazi. Tangu Jumanne narudi nyumbani na nazi mbili. Anazipokea, hasemi kitu.

Pacha wazima, wote wa kike, sikuweza kujua yupi ni yupi.

Nilipaswa kulala saa hizi, na wala si kahawa inayonikesha. Mama kapiga simu kutoka Pangani baada ya magharibi, akauliza kama nimemlipa fundi wa bati. Nikamwambia nimeshamtumia pesa yake. Baada ya isha akapiga tena. Salamu zote upya, habari za pacha akazishangaa kama ndiyo kwanza anazisikia, halafu akauliza kama nimemlipa fundi wa bati. Dada anasema ni uchovu tu, bibi ana wajukuu wengi nyumbani. Mama hajawahi kuuliza habari ya pesa mara mbili maishani mwake. Jumamosi nakwenda, na dada sitamwambia mpaka nifike.