Mbegu ya mkoko na mshororo wa nne

Tangu mama afariki nimeandika tarbia saba, mashairi ya mishororo minne kila ubeti, za kumlilia. Mizani 16 kila mshororo, vina vimetulia. Nikizisoma usiku hazinigusi. Zimejaa machozi, moyo na kaburi, maneno ambayo kila mfiwa anayo. Mama mwenyewe simwoni humo.

Jumamosi iliyopita nilipanda daladala hadi Mtongani, nikatembea mpaka pwani ya Kunduchi. Ilikuwa bamvua ya mwezi mpevu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, nayo yalikuwa yamekupwa mbali. Nikaingia kwenye mikoko, ndala mkononi, tope likinifika vifundoni.

Mbegu ya mkoko haisubiri udongo. Huota ingali mtini, ikaning'inia kama mkuki wa kijani, mrefu kama rula ya shule au kuzidi. Ikikomaa huachia. Maji yakiwa yamekupwa huweza kujichoma topeni palepale chini ya mamaye. Yakiwa yamejaa huelea, ikachukuliwa. Niliziangalia kwa muda mrefu, kisha nikatoa daftari:

Mbegu yaota mtini, kabla haijaanguka,
Mamaye hana huzuni, siku inapoondoka,
Nilishuka matopeni, mwenyewe nikajishika,

Kalamu ikasimama. Hana huzuni? Nani kasema?

Nilikuwa na miaka 17 mama aliponipandisha basi Tanga, nije Dar kwa shangazi. Alikwisha kunifundisha kushona, kupika, kuhesabu chenji. Hakulia. Alipiga ubavu wa basi kofi mbili, akageuka kabla halijaondoka. Miaka yote nimewaambia watu sina kinyongo. Kumbe ninacho, na tarbia zote saba nilikuwa nakizunguka.

Nyumbani, nikiandika juu ya moyo wangu, huwa najitetea. Kwenye mikoko nilikuwa nashughulika na mbegu tu, nikitafuta neno litakaloieleza sawasawa, na neno hilo ndilo lililonifichua. Sasa naelewa kwa nini washairi wetu wa pwani hawachoki na pepo za kusi na kaskazi, na mawimbi.

"Dada, maji yanajaa hayo!" mvuvi mmoja akaniita kutoka kwenye ngalawa. "Toka huko, utazibiwa njia."

Nikatoka. Mshororo wa nne, kituo, bado sijaupata. Kila ninaoujaribu ama unamsamehe mama haraka mno, ama unamhukumu. Bamvua nyingine ni mwezi ukiandama, nitarudi. Kwenye daftari nimeacha nafasi ya mstari mmoja.