Nautilus, awamu ya sita: mstari umepita Ncha ya Kaskazini

Kwenye ramani yangu, mstari mwekundu wa safari ya nyambizi Nautilus umepita juu ya Ncha ya Kaskazini. Haukukatika, haukuzunguka, wala haukurukia ukingo wa pili wa ramani kama ulivyokuwa ukifanya kwa wiki tatu mfululizo. Naandika kumbukumbu hii usiku huu huu kabla sijalala, kwa kuwa nikingoja mpaka Jumamosi nitakuwa nimesahau ni hatua ipi hasa iliyolifungua fundo hili.

Wenzangu waliosoma awamu zilizotangulia wanalijua lengo: kuuchora utumishi wote wa Nautilus, nyambizi ya kwanza duniani kuendeshwa kwa nguvu za nyuklia, tangu ilipokabidhiwa kwa Jeshi la Majini la Marekani tarehe 30 Septemba 1954 hadi ilipoondolewa kazini huko Mare Island, California, tarehe 3 Machi 1980. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilihitaji subira tu. Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, uliwekwa Groton, Connecticut, tarehe 14 Juni 1952 mbele ya Rais Truman. Mamie Eisenhower, mke wa Rais Eisenhower, aliishusha majini tarehe 21 Januari 1954. Na tarehe 17 Januari 1955, saa tano asubuhi, Kamanda Wilkinson aliiondoa gatini na kutuma ujumbe kwamba wako safarini kwa nguvu za nyuklia. Mstari wa Mei 1955, kutoka New London hadi San Juan, Puerto Rico, niliuchora kwa dakika kumi, ingawa safari yenyewe ilishangaza wanamaji wa dunia nzima: zaidi ya kilomita 2,000 chini ya maji bila kuibuka, kwa muda usiofika saa 90. Nyambizi za dizeli za wakati ule zililazimika kuinuka mara kwa mara ili injini zipate hewa na betri zichajiwe. Mtambo wa Nautilus haukuhitaji hewa hata kidogo.

Kazi ilikwama Agosti 1958.

Ramani nyingi za kompyuta, zile tunazozitumia kila siku kutafutia mitaa, zimejengwa juu ya projeksheni ya Mercator, yaani mojawapo ya njia za kuitandaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa. Projeksheni hiyo huinyoosha dunia kadiri unavyokwenda kaskazini, na kwenye Ncha yenyewe unyooshaji huo hauna kikomo, kwa hiyo ramani hukatwa kwenye latitudo ya 85.05. Kwa anayechora njia za daladala, mkato huo hauna madhara. Kwa mradi wangu ni msiba. Kutoka latitudo hiyo hadi Ncha ni takriban maili 297 za baharini, na nyambizi iliyopanda upande mmoja na kushuka upande wa pili inapoteza karibu maili 594. Nautilus ilisafiri maili 1,590 za baharini chini ya barafu kwa saa 96. Zaidi ya theluthi moja ya safari iliyoipa jina katika historia ilikuwa haipo kwenye ramani yangu, na kilichobaki kilikuwa vipande viwili visivyokutana, kana kwamba chombo kimoja kilizama karibu na Alaska na kingine kikaibuka karibu na Greenland.

Nilihamia QGIS, programu ya kuchorea ramani, na kuchagua projeksheni inayoitazama dunia kutoka juu ya Ncha, ambamo mistari yote ya longitudo hutoka katikati kama njiti za gurudumu la baiskeli. Niliamini kwamba tatizo limekwisha. Faili langu lilikuwa na nukta kando ya longitudo ya 155 Magharibi, jirani na Point Barrow huko Alaska, ambako Nautilus ilizama tarehe 1 Agosti ilipopata bonde la chini ya bahari lenye kina cha kutosha. Kisha likawa na nukta kando ya longitudo ya sifuri, kati ya Greenland na Svalbard, kuwakilisha njia ya kutokea. Nilipochora, mstari ulipanda vizuri hadi digrii 89, kisha ukaanza kuizunguka Ncha kwa upinde, kama mtu anayezunguka kisima akiogopa kuchungulia ndani.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo siku zangu zilipoishia. Kati ya nukta na nukta, programu huongeza nukta za katikati ili mstari upinde kwa usahihi. Lakini huziongeza kwa hesabu ya digrii, bila kujali umbo la dunia. Nukta ya kwanza ikiwa digrii 89 Kaskazini, 155 Magharibi, na ya pili digrii 89 Kaskazini, longitudo sifuri, programu inaona kwamba latitudo haijabadilika, basi inaishikilia palepale na kubadilisha longitudo kidogo kidogo. Kwa programu huo ni mstari ulionyooka. Kwenye tufe ni karibu nusu duara. Nilizima uongezaji wa nukta, na mstari ukanyooka kweli, ila sasa ukaikosa Ncha kwa maili 13 za baharini, kwa sababu mstari ulionyooka kati ya nukta mbili zisizotazamana sawasawa hauwezi kupita katikati. Niliongeza nukta ya Ncha, digrii 90, nikaipa longitudo sifuri. Upande wa kutokea ukakaa sawa, ila upande wa kuingilia ukajikunja kama ganda la konokono. Nikaipa longitudo ya 155 Magharibi, na ubovu ukahamia upande wa pili. Siku kumi nilikuwa nikihamisha kosa kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na nakiri kwamba siku ya tisa nilikaribia kuuacha mradi wote.

Kilichonizuia kuuacha ni kwamba hili hasa ndilo lililowasumbua mabaharia wenyewe. Katika safari iliyoanza Agosti 1957, Kamanda William Anderson aliipeleka Nautilus chini ya barafu kwa mara ya kwanza. Walifika latitudo ya 87, kisha dira zote mbili za jairo zikapoteza umeme. Dira ya jairo huipata kaskazini kwa kuhisi mzunguko wa dunia, na karibu na Ncha sehemu ya mzunguko huo inayoweza kuielekeza hufifia hadi kutoweka. Dira ya sumaku nayo haisaidii sana huko, kwa sababu nguvu ya sumaku inavuta karibu wima, kuelekea chini. Mabaharia waliiita hali hiyo kamari ya longitudo: chombo kinaweza kugeuka polepole bila anayekiongoza kujua, kikatokea mahali ambapo hakukukusudiwa. Juu yao palikuwa na barafu ambayo katika safari hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuzivunja periskopu, mirija ya kuchungulia juu ya maji. Walirudi. Kwa safari ya 1958 walifungiwa N6A, chombo kilichotokana na mfumo uliotengenezwa na North American Aviation kwa ajili ya kombora la Navaho, ambacho hupima kila badiliko la mwendo na kujumlisha mahali kilipofika bila kuangalia nyota wala sumaku. Nikiufikiria ule upinde wa skrini yangu, naona kwamba ulikuwa unaniuliza swali lile lile: pale ambapo longitudo zote zinakutana, wewe uko kwenye longitudo ipi?

Jibu nililipata kwenye chungwa. Nilichora mistari kwa kalamu ya wino kutoka kikonyo hadi kitako, nikachukua mstari mmoja kuwa wa Point Barrow na mwingine kuwa wa Greenwich, yaani longitudo ya sifuri, kisha nikapandisha ncha ya kalamu hadi kikonyoni na kuishusha upande wa pili. Kikonyoni kalamu haisogei, ila mstari ninaoufuata unabadilika. Kwa hiyo mahali ni pamoja, lakini longitudo ni mbili, na faili langu lilihitaji kuzitaja zote mbili.

Nikaiandika Ncha mara mbili: kwanza digrii 90, 155 Magharibi, mstari unaofuata, digrii 90, longitudo sifuri. Sasa programu inapoongeza nukta za katikati, inapanda kwenye longitudo ya kwanza bila kuyumba, kisha inaongeza nukta nyingi kati ya Ncha na Ncha, ambazo zote zinaangukia mahali pamoja na hazionekani, kisha inashuka kwenye longitudo ya pili. Mstari mmoja wa ziada ndani ya faili, wenye maneno machache, umemaliza taabu ya wiki tatu. Nimeipa nukta hiyo muda wake halisi: tarehe 3 Agosti 1958, saa tano na robo usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, watu 116 wakiwa ndani, na zaidi ya mita 4,000 za maji chini yao.

Kuhusu zana, msimamo wangu umezidi kuwa thabiti. Data ya njia iwekwe kwenye faili la maandishi matupu, mstari mmoja kwa nukta moja. Lahajedwali lilinibadilishia tarehe mara mbili bila kuniuliza, na kosa kama hilo huligundui hadi umechora nusu ya bahari. QGIS naipenda kwa sababu inanionyesha projeksheni niliyomo badala ya kunifichia. Kwa ramani ya kuchapishwa nimechagua projeksheni inayohifadhi umbali kutoka katikati, ili mtu aweke rula juu ya karatasi na kupima mwenyewe jinsi Nautilus ilivyokuwa mbali na Ncha. Na asije mtu akadharau zana za bei nafuu. Kabla ya safari hiyo, kondensa ya Nautilus, kifaa cha kupoza mvuke uwe maji tena, ilikuwa ikivuja maji ya bahari, na wataalamu walikuwa wameshindwa kuupata ufa. Huko Seattle, mabaharia walivaa kiraia, wakazunguka vituo vya mafuta na kununua zaidi ya lita 130 za dawa ya kuzibia rejeta za magari. Wakaimimina ndani, na uvujaji ukakoma. Chombo cha gharama kubwa sana kilikwenda Ncha ya Kaskazini kikiwa na dawa ya rejeta, na mimi sioni aibu kutaja chungwa langu.

Nilikuwa nimepanga kwamba baada ya Ncha nitaingia moja kwa moja kwenye miaka ya 1960: Bahari ya Mediterania na Kikosi cha Sita cha Jeshi la Majini la Marekani, zuio la Cuba la mwaka 1962, na mgongano wa Novemba 1966 na manowari ya kubeba ndege Essex. Hayo nayaweka kando kwa sasa. Ramani hii ya duara ina nafasi kubwa tupu, na nimekwisha kujua nani wa kuijaza. Mwaka 1931 mvumbuzi wa Australia Hubert Wilkins aliingia kwenye barafu hii hii kwa nyambizi kuukuu ya dizeli aliyoiita jina hilo hilo, Nautilus. Alifika takriban latitudo ya 82, akiwa amekwisha kugundua kwamba mapezi ya nyuma ya kuzamishia chombo yameng'oka, na baadaye nyambizi hiyo ilizamishwa kwa makusudi kwenye fiordi karibu na Bergen. Wilkins alifariki mwaka 1958, miezi michache baada ya Nautilus ya pili kupita. Tarehe 17 Machi 1959 nyambizi ya nyuklia Skate ilivunja barafu na kuibuka pale pale kwenye Ncha, na mabaharia wake wakayatawanya majivu ya Wilkins kwenye upepo.

Nataka mistari hiyo mitatu iwe kwenye karatasi moja: wa 1931 unaoishia njiani, wa 1958 unaopita chini, na wa 1959 unaotoboa juu. Faili la Skate nimeshalifungua, na nukta yake ya Ncha nimeiandika mara mbili tangu mwanzo.