Tyubu kuukuu ya baiskeli ilivyonipa umri wa matabaka

Kazi yangu ya mwisho wa masomo hapa Goma ilianza na karatasi moja: mchoro wa matabaka ya udongo wa ziwa la kale, mistari myeusi na myeupe, nami nilitakiwa kuyapatia umri. Nyeusi ni pale chembe za madini ya sumaku zilipotulia zikielekea kaskazini kama dira ya leo. Nyeupe ni pale zilipoelekea kusini, kwa kuwa usumaku wa dunia ulikuwa umegeuka. Sisi wa Goma jambo hili tunalikanyaga kila siku: lava ya Nyiragongo ya 2002 ilipopoa mjini, iliganda na kaskazini ya mwaka ule ndani yake.

Toka juu kulikuwa na nyeusi nyembamba, nyeupe ndefu, nyeusi nene, kisha nyeupe hadi chini. Kando palikuwa na alama mbili ndogo, zikionyesha mahali meno ya kale ya wanyama yalipookotwa.

Mkubwa mmoja aliyekwisha kumaliza akaniambia: "Mdogo wangu, hesabu toka juu. Nyeusi ya kwanza ni Brunhes, kipindi cha usumaku tulichomo sasa. Nyeupe ni Matuyama, kipindi kilichotangulia, nyeusi inayofuata ni Gauss, cha kale zaidi. Hayo meno achana nayo."

Nilimfuata wiki mbili nzima, nikaandika kurasa nyingi. Ushauri ule bado unaniudhi! Jino la chini, ndani ya nyeupe ya mwisho, lilikuwa la Equus, jamii ya farasi na punda milia. Kwa hesabu yake lilikuwa chini ya Gauss, yaani lilipita miaka milioni 3.6, na Equus waliingia Afrika kama milioni 2.3 iliyopita. Nilifuta yote.

Hapo ndipo nilipokwenda mtaa wa Birere kwa fundi wa baiskeli, nikapata tyubu kuukuu kwa pesa kidogo sana. Nilikata ukanda, nikapima sentimita moja kwa kila miaka laki moja. Mpira wenyewe mweusi, kwa hiyo palipogeuka napaka chaki: Brunhes hadi miaka 780,000 mpira mtupu, kisha chaki ya Matuyama hadi milioni 2.58, nikiacha bila chaki vipindi viwili vifupi vya ndani yake ambapo kaskazini ilirudi: Jaramillo karibu na milioni moja, na Olduvai kati ya milioni 1.95 na 1.77. Nikaulaza kando ya mchoro, juu ya ubao, na misumari. Mto ulipoleta udongo mwingi navuta, ulipoleta kidogo naachia. Karatasi haikubali hivyo.

Ukanda ulikaa mahali pawili. Nyeusi nene ingeweza kuwa Jaramillo au Olduvai. Jino la pili, gego la nguruwe kutoka ndani yake, ndilo lililoamua. Magego ya mwisho ya nguruwe wale yalirefuka kadiri miaka ilivyokwenda, na hili lilikuwa bado fupi. Olduvai, basi, na nyembamba ya juu ni Jaramillo. Nguruwe msiwadharau: huko Koobi Fora, Kenya, jivu la volkeno liitwalo KBS lilipewa kwanza miaka milioni 2.6, meno ya nguruwe yakakataa, na vipimo vya baadaye vikashuka hadi karibu milioni 1.9.

Siku ya kutetea kazi niliulizwa Brunhes imekwenda wapi. Nikaonyesha juu kabisa ya mchoro ule mstari wa mawimbi wenye kokoto, ambao mimi na mkubwa wangu tuliupita bila kuutazama: mmomonyoko uliichukua.