Pumba za ngano na kimea cha bibi

Bibi yangu wa Songea alikuwa akipika togwa, uji unakuwa mzito hadi mwiko unasimama. Anauacha upoe kidogo, anatia kimea cha ulezi, anakoroga. Haupiti muda uji umelegea, tena mtamu, na sukari hajatia hata kijiko. Ni chuoni nilikojua kwamba ndani ya kimea kuna amilesi, kimeng'enya kinachokatakata wanga kuwa sukari.

Sasa niko maabara Morogoro, naitengeneza amilesi hiyo bila kimea, kwa pumba za ngano na kuvu aitwaye Aspergillus oryzae. Aliyetutangulia ni Jokichi Takamine, Mjapani aliyehamia Marekani. Alitaka ukungu uchukue nafasi ya kimea cha shayiri kwenye wiski, akauotesha juu ya pumba za ngano, akapata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi wake, mwaka 1894.

Kuvu hana mdomo. Humwaga vimeng'enya nje, chakula kikalainika hukohuko, ndipo anafyonza. Sisi tunavichukua vile alivyomwaga.

Kinachosumbua ni maji. Mara ya kwanza niliyazidisha; kesho yake chupa inanuka kama maziwa yaliyoharibika, bakteria wameshawahi. Siku hizi nazikamua pumba kiganjani: zishikane, lakini tone lisidondoke. Nazipika kwenye presha, nazipoza, napanda mbegu ya kuvu, naziacha kwenye nyuzi 30. Siku ya pili unaona utando mweupe kama pamba. Ya tatu zimegandana, na ukiweka kiganja juu yake unasikia joto. Kwenye trei nene joto hilo hukosa pa kutokea, kuvu akajipika mwenyewe, kwa hiyo sizidishi vidole viwili.

Mbegu usiitoe kwenye mahindi yaliyoota ukungu ghalani, nakusihi! Ndugu yake huyu kuvu, Aspergillus flavus, hutoa sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Mavuno nayaloweka, nachuja kwa kitambaa, maji yake nayatia kwenye uji mwepesi wa wanga. Kila dakika natoa tone juu ya kigae cheupe chenye iodini. La kwanza huwa bluu iliyokoza hadi nyeusi, kisha zambarau, kisha wekundu wa kahawia, mwisho inabaki rangi ya iodini yenyewe: wanga umekwisha. Mwezi uliopita ilichukua dakika 11. Jumanne hii, 6.

Wiki ijayo najaribu pumba za mahindi, maana hizo zipo kwenye kila mashine ya kusaga hapa mtaani.